Barabara zinaongezeka Voi, mbona tunazunguka zaidi? (UZI)

Msimu wa siasa ukikaribia, neno la kwanza kwenye kila kipaza sauti huku kwetu ni barabara. Mmoja anaahidi lami. Mwingine anaahidi greda. Wa tatu anasema aliyemtangulia alikula pesa ya lami ndiyo maana tunakula vumbi. Kama kawaida ya nyuzi hizi, hatutaji mtu wala chama. Tunachukua mjadala mmoja, tunaufungua, tunaangalia ndani kuna nini.

Leo nataka swali ambalo sijawahi kusikia likiulizwa jukwaani: hiyo barabara unayotuahidi, inatokea wapi?

Nianze na nyumbani. Mimi ni wa Mraru, lakini dada yangu amepanga Voi, kwenye mtaa mmoja mpya pembezoni ambao sitautaja kwa sababu nina shemeji pale na nataka niendelee kupewa chai. Kutoka mlangoni kwake unaiona shule ya msingi. Unaona hadi rangi ya paa. Nilipima kwa simu: mstari ulionyooka ni mita 280. Nikapima njia anayopita mtoto wake kila asubuhi: kilomita 1.3. Yaani anatembea zaidi ya mara nne ya umbali wenyewe, na sehemu ya njia hiyo ni kando ya barabara kubwa yenye malori.

Zamani kulikuwa na kijinjia. Kilipita katikati ya shamba la mtu, watu wakakizoea. Shamba likauzwa ploti ploti, mwenye ploti akaweka ua wa mabati, njia ikafa. Hakuvunja sheria yoyote. Ile ploti ni yake, ana karatasi.

Novemba iliyopita mvua ikinyesha, jirani wa dada akashikwa na uchungu usiku. Dereva wa probox aliyeitwa hakuwa mgeni Voi, lakini alikuwa mgeni wa mtaa ule. Aliingia njia ya kwanza, ikaishia kwenye geti. Akarudi kinyumenyume. Akaingia ya pili, ikaishia kwenye korongo. Ya tatu ndiyo ikamfikisha, na ili watoke ilibidi wazunguke kule kule. Mtoto alizaliwa kiti cha nyuma kabla hawajafika hospitali. Wako salama wote wawili, ameshaanza kukaa. Lakini tangu siku ile nikisikia mtu anasema "tumeweka barabara kilomita kadhaa", akili yangu inaenda kwa yule dereva akirudi kinyumenyume kwenye matope.

Sasa tuingie darasani kidogo, msichoke.

Wanaosoma miji wanatofautisha vitu viwili ambavyo siasa zetu zinavichanganya. Kuna urefu na ubora wa barabara: kilomita ngapi, lami au changarawe, ina mtaro au haina. Halafu kuna muunganiko: barabara hizo zinakutana vipi. Unaweza kuwa na lami safi ndani ya mtaa mzima na bado mtaa huo uwe na mlango mmoja tu wa kuingilia na kutokea. Unaweza pia kuwa na njia za vumbi zinazokatana kila baada ya nyumba kumi, na mtu akafika popote bila kuzunguka.

Kupima muunganiko si kazi ngumu. Chukua ramani ya mtaa, hesabu sehemu za aina tatu: makutano ya njia nne, makutano ya njia tatu, na mahali njia inapoishia tu. Njia nne zikiwa nyingi, mtaa umeungana. Ncha zilizokufa zikiwa nyingi, mtaa umekatika. Kipimo cha pili ni kile nilichofanya kwa dada: gawanya umbali wa kutembea kwa umbali ulionyooka. Kwenye mji wa mitaa ya mraba, kama ubao wa drafti, hesabu inakwambia hutazidi kama mara 1.4 hata ukienda kona hadi kona. Kwa mtoto wa dada ilikuwa 4.6.

Hii si shida ya Voi peke yake. Mwaka 2020 watafiti wawili, Christopher Barrington-Leigh na Adam Millard-Ball, walichapisha utafiti uliotumia ramani huria ya OpenStreetMap kuangalia barabara za dunia nzima. Walichokiona ni kwamba tangu 1975, sehemu kubwa ya dunia imekuwa ikijenga mitaa iliyokatika zaidi kuliko ile ya zamani. Marekani, ambayo ndiyo ilifanya fasheni mitaa ya kuzungukazunguka yenye ncha zilizokufa, ilifika kilele miaka ya 1990 katikati kisha ikaanza kugeuka. Kwingine bado tunaelekea kule wenyewe walikotoka. Na nchi kadhaa za Amerika ya Kusini, kama Argentina na Peru, ziliendelea kuchora mraba. Kwa hiyo mtu asikuambie mji ukikua lazima iwe hivi.

Lakini kilichonishika zaidi si hicho. Ni kwamba mpangilio wa mitaa ndio kitu kigumu kuliko vyote kubadilisha mjini. Nyumba hubomolewa, bei hupanda na kushuka, biashara hufungwa. Mstari wa barabara hubaki.

Angalieni Kariakoo ya Dar es Salaam. Ile mitaa ya mraba ilichorwa wakati wa Wajerumani, kabla na karibu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa ajili ya nyumba za chini za Waswahili. Leo pale ni maghorofa, maduka ya jumla, msongamano wa kukanyagana. Nyumba zimebadilika mara ngapi? Mitaa ni ile ile. (Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza vita hivyo. Na vita hivyo hivyo ndivyo vilivyotujengea sisi reli ya Voi kwenda Taveta. Historia ya usafiri huku kwetu haikai mbali na vita.)

Sasa tuje Voi. Kwa nini mji wetu unatapakaa jinsi unavyotapakaa?

Kwanza, nafasi. Watu wa nje wakiangalia ramani ya Taita Taveta wanadhani tuna ardhi ya kumwaga, zaidi ya kilomita za mraba 17,000 na sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 tu. Lakini karibu asilimia 62 ya kaunti ni mbuga za Tsavo. Toa hiyo. Toa mashamba ya katani. Toa ranchi. Toa ardhi ya reli. Toa milima. Kinachobaki ndicho tunachogombania, na kimekaa vipande vipande. Mji hauwezi kupanuka kama maji kwenye sinia. Unachuruzika pale unapopata upenyo.

Na upenyo uko kando ya barabara kubwa. Voi ilizaliwa na reli, iliyofika huku mwishoni mwa miaka ya 1890. Baadaye ikaja kushikiliwa na barabara ya Mombasa–Nairobi. Halafu lami ya kwenda Mwatate hadi Taveta, halafu SGR mwaka 2017 na kituo chake nje ya katikati ya mji. Kila moja ya hizi ilileta pesa na watu. Kila moja pia ni ukuta. Reli huvuki popote unapotaka. Barabara kuu unavuka ukiomba Mungu. Mto Voi ukijaa nao una maamuzi yake. Kwa hiyo tuna mji ambao mishipa yake mikubwa inauunganisha na Mombasa na Nairobi vizuri sana, na wakati huo huo inakata mtaa na mtaa wenzake.

Kuna kitu cha kuchekesha hapo, ingawa si cha kuchekesha. Ni rahisi kwa mzigo kutoka bandarini kupita Voi kuliko mtoto wa dada yangu kufika shule anayoiona.

Pili, na hapa ndipo siasa ilipo, ni namna ardhi inavyogawanywa. Mji huu haupanuliwi na serikali kuu, wala na kaunti. Unapanuliwa na familia moja moja. Mzee ana ekari mbili au tano. Watoto wamekua, karo inadaiwa, mtu anaugua. Anaita sapveya. Shamba linakatwa ploti za futi 50 kwa 100, zinauzwa. Mwenye shamba la pili anaona, naye anaita sapveya wake. Baada ya miaka kumi pana mtaa, na huo mtaa haukuwahi kuchorwa na mtu yeyote kama mtaa.

Sheria ipo. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kugawanya. Kama ni ardhi ya kilimo, pia kuna bodi ya kudhibiti ardhi inayotoa ridhaa. Mpango wa mgawanyo lazima uonyeshe kwamba kila ploti ina njia ya kuifikia, na hiyo sehemu ya njia mwenye shamba anaiachia umma. Vizuri. Lakini soma tena: kila ploti iwe na njia ya kuifikia. Ncha iliyokufa inatimiza sharti hilo asilimia mia. Faili la mzee wa kwanza linapita. La jirani yake linapita. Yote mawili ni halali, na barabara zao mbili zinapigana kisogo, katikati kuna ua wa mabati. Kama hakuna ramani kubwa mezani inayosema "barabara itapita hapa", afisa anayeangalia faili moja hana sababu ya kumkatalia mtu.

Sasa nifanye hesabu, kwa sababu watu hupenda kusema wenye mashamba ni wachoyo. Hesabu hii ninaijua kwa kichwa kwa sababu ni ya kwetu. Baba mdogo ana kipande Mraru, mstatili wa karibu futi 230 kwa 400, yaani ekari mbili na kidogo. Anataka kukata.

Akiweka barabara moja katikati, upana wa futi 30 (ile mita 9 mnayoisikia), inatoka mbele hadi nyuma ya shamba, anapata ploti nane kila upande. Kumi na sita. Barabara imekula asilimia 13 ya shamba.

Akiisimamisha barabara futi 50 kabla ya mwisho na kuweka ploti mbili za kulalia pale nyuma, bado ni kumi na sita, ila hizo mbili za mwisho zinakuwa kubwa kidogo. Anachookoa ni futi 30 kwa 50, haifiki hata theluthi ya ploti. Kwa hiyo kuifungisha barabara nyuma hakumpi faida ya maana. Nilishangaa, nilidhani ni pesa nyingi.

Pesa nyingi iko kwingine: njia ya kukatiza, kulia kwenda kushoto, ya kumuunganisha na majirani wa pembeni. Akiiweka hiyo kwa futi 30, kila upande unabaki na ploti saba. Kumi na nne jumla. Amepoteza ploti mbili. Ni kweli zile za kona zinakuwa kubwa na za kona huuzwa bei, watu wanazitaka kwa duka, kwa hiyo hasara haifiki ploti mbili kamili. Lakini ni hasara. Na hata baada ya kujinyima hivyo, barabara imefika karibu asilimia 20 tu ya shamba. UN-Habitat, ambao ofisi zao kuu ziko Nairobi pale Gigiri, wanapendekeza mitaa ichukue angalau asilimia 30 ya ardhi ya mji, na angalau kilomita 18 za mitaa kwa kila kilomita ya mraba. Jaribuni kumwambia hivyo baba mdogo. Mimi nilijaribu. Aliniuliza kama hao UN watanunua hizo ploti mbili.

Na hakukosea. Hili ndilo tatizo ambalo Mancur Olson aliliandikia kitabu mwaka 1965: jambo lenye faida kwa wote halifanyiki kama kila mmoja anabeba gharama peke yake na hana hakika mwenzake atabeba yake. Baba mdogo akitoa njia ya kukatiza, na jirani asitoe, ametupa ploti mbili ili barabara yake iende kugonga ua. Anayesubiri kuona wengine wakitoa kwanza si mjinga. Wote wakisubiri, mtaa umekatika milele.

Hapo ndipo tunapohitaji serikali kufanya kazi yake, na sipendi kusema hivyo haraka haraka kwa sababu huwa ni jibu la uvivu. Kwa hiyo niwe bayana ni serikali ipi na kazi ipi.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, maegesho, na mipango ya ardhi pamoja na upimaji. Barabara kuu za kitaifa ni za serikali ya kitaifa, chini ya mamlaka zilizoundwa na Sheria ya Barabara ya 2007. Kwa hiyo mtu anayegombea kiti cha kaunti akiahidi kurekebisha barabara ya Mombasa–Nairobi anakuuzia kitu kisicho kwenye duka lake. Na mbunge akiahidi mtaa wako wa ndani, muulize anaahidi kwa mfuko upi, maana kaunti na Bunge zimekuwa zikivutana juu ya pesa za matengenezo ya barabara na mvutano huo hamjausikia kwa mara ya mwisho.

Kazi yenyewe si kuweka lami kila mahali. Ni kuchora mifupa mapema. Mfano wa karibu ni Ethiopia. Kuanzia 2013 miji minne, Adama, Bahir Dar, Hawassa na Mekelle, ilifanya kazi na wataalamu wa Chuo Kikuu cha New York. Hawakupanga kila nyumba. Walikadiria mji utakua kiasi gani, wakachora barabara kubwa takriban kila baada ya kilomita moja kwenye mashamba ambayo bado ni mashamba, wakaanza kuilinda ile nafasi. Lami inaweza kuja hata miaka 20 baadaye. Muhimu ni kwamba ikija haitakuta ghorofa la mtu.

Mtanishika hapo: Ethiopia ardhi ni ya dola, kwetu ni ya watu. Kweli kabisa, na ndiyo maana kwetu wakati ni kila kitu. Shamba linapogawanywa, njia inatolewa kama sharti la kibali, hakuna anayelipwa. Ukichelewa hadi watu wamejenga, ni utwaaji wa lazima, na Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema fidia ya haki na ya haraka. Kile kipande cha futi 30 ambacho leo kingetolewa kwenye karatasi, kesho kinakuwa nyumba za watu, mahakama, na bajeti ya mwaka mzima ya wadi. Kwa hiyo mwanasiasa anayesema "tutapanga baadaye, kwanza watu wapate makao" anasema maneno ya huruma yenye bili ndani yake. Na Dar iliwahi kuonyesha upande wa pili pia: mradi wao wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima ploti nyingi kwa mpangilio, lakini vingi vilikuwa mbali pembezoni. Unaweza kupanga vizuri na bado ukautapanya mji.

Voi yenyewe ina somo ambalo vijana wengi wa rika langu hawalijui. Mitaa ya Tanzania na Bondeni, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa makazi ya watu wasio na hati, sehemu ikiwa ardhi ya Shirika la Reli na sehemu ya kampuni ya katani. Kukaja mradi wa kuboresha, wizara ya serikali za mitaa pamoja na shirika la misaada la Ujerumani. Wakazi walipewa njia mbalimbali za kumiliki, na wakachagua kitu ambacho hakikuwahi kufanywa Kenya: amana ya ardhi ya jamii. Ardhi inabaki ya wote kwa pamoja, mtu anamiliki nyumba yake na haki ya kukaa. Hofu yao ilikuwa kwamba wakipewa hati moja moja, matajiri wa nje watazinunua na wao watarudi mwanzo.

Watu wa nje wameliandikia sana jaribio hilo, na si kila kitu kilienda kama ilivyotarajiwa. Hati zilichukua muda, na hamu ya kuwa na karatasi yenye jina lako haiishi kirahisi kwa Mkenya. Sisemi baba mdogo ajiunge na amana. Nachosema ni hiki: ardhi ikishikwa pamoja, swali la "njia ipite wapi" lina kikao cha kuulizwa. Ikikatwa vipande hamsini vyenye wenyewe hamsini, swali hilo halina kikao. Linajibiwa na mwenye mabati.

Kuna hoja ya upande mwingine ambayo si ya kudharau. Watu wanapenda mtaa uliofungwa. Dada yangu mwenyewe, pamoja na kulalamika, anasema usiku analala vizuri kwa sababu hakuna boda inayopita kasi mlangoni, na mwizi akiingia njia ya kutokea ni moja. Mama mwenye watoto wadogo hataki barabara ya kukatiza. Mtu anayemjibu "huelewi maendeleo" hajamjibu.

Jibu ni kwamba gari na mguu si lazima viwe na haki sawa. Uholanzi kuna miji mingi ambapo gari linazunguka na mtu wa baiskeli au wa miguu anapenya moja kwa moja. Njia ya futi 10 inatosha mtoto wa shule, mama mwenye mtungi, mkokoteni, hata machela. Malori hayapiti. Nilimrudia baba mdogo na hesabu hiyo: njia ya kukatiza ya futi 10 badala ya 30. Ploti zinabaki kumi na sita. Kila moja inapungua futi moja na robo kwa upana. Futi moja na robo! Hakuna mnunuzi atakayekimbia. Hakusema ndiyo, alisema "lete hiyo karatasi", na wanaomjua wanajua hiyo ni nusu ya ndiyo.

Mtu atasema Mraru ni kijijini, haya ya mjini tunayaleta ya nini? Mashamba ya leo ndiyo mtaa wa kesho, na kesho yenyewe imeshafika kwenye vibao vya "ploti zinauzwa". Nyumba zinazosogea pembeni zinasogea pia kwa ndovu. Kule Sagalla watu wamefikia kuzungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki kuwazuia. Kadiri tunavyotawanyika, ndivyo bomba la maji linavyokuwa refu kwa nyumba chache, na sisi ndio watu ambao bomba la Mzima linapita kwetu kwenda Mombasa tukiwa tunaliangalia. Mtoto anayezunguka kilomita moja zaidi alfajiri, kwetu hazunguki kwenye lami yenye taa.

Na Mraru hatuanzi leo kujua maana ya kukatiwa njia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wanawake wa huku walikuwa na barabara, na basi lilikuwa linapita. Shida ni kwamba lilifika limeshajaa. Unasimama na mazao yako, na mtoto mgonjwa mgongoni, basi la kwenda Voi linakupita. Barabara ipo, wewe haumo. Wakaunda kikundi, wakachanga kidogo kidogo kwa miaka, na mwaka 1975 kikundi cha wanawake wa Mraru kikanunua basi lake. Likawapeleka sokoni na hospitalini, na faida wakafungulia duka. Habari zao zimeandikwa hadi ng'ambo. Nyanya yangu wakati huo alikuwa na umri kama wangu sasa, na akisimulia lile basi sauti yake inabadilika. Hawakuuliza kilomita ngapi zimejengwa. Waliuliza kama watafika.

Kwa hiyo kwenye mkutano ujao wa hadhara, mtu akiahidi kilomita, mwulizeni zinaanzia wapi na zinatokea wapi. Mwulizeni kama kuna ramani ya mji ya barabara zijazo, imebandikwa ofisi gani, na ni vibali vingapi vya mgawanyo vimetolewa bila kuiangalia. Mwulizeni reli na barabara kuu zitavukwa wapi na watu wa miguu. Akianza kuzungumzia mpinzani wake, mwacheni amalize, halafu mwulizeni tena.

Sapveya wetu anakuja wiki ijayo kupanda bikoni. Njia ya futi 10 iko kwenye mchoro kwa penseli, baba mdogo hakutaka kalamu. Ile barabara ya katikati ameikubali itokee nyuma, lakini tulipoenda kukagua tukakuta jirani wa nyuma keshachimba shimo la choo pale pale inapotakiwa kutokea. Futi kumi na tano kwenda chini, kazi safi kabisa. Jumamosi tunaenda kumwona, mimi na baba mdogo, na kilo mbili za sukari.